Kazi na Siku Yake

Katika maduka ya mafundi cherehani wa mwambao, tangu Lamu hadi Kilwa, viko vitu viwili ambavyo aghalabu havikosekani: daftari la oda, lililochakaa kingo kwa kushikwashikwa, na kalenda ya ukutani iliyotolewa bure na mfanyabiashara fulani mwisho wa mwaka, ambayo katika kila chumba chake imechapwa tarehe ya Kizungu kwa tarakimu kubwa na tarehe ya Kiislamu kwa tarakimu ndogo pembeni. Daftari linajua ni nguo gani ya kushonwa, ya nani, kwa vipimo gani, na arbuni iliyotolewa ni kiasi gani. Kalenda inajua siku. Lakini daftari halina habari kwamba Jumanne ijayo imekwisha kujaa, wala kalenda haina habari kwamba kanzu sita zimeahidiwa kwa siku moja, na baina ya viwili hivyo yuko fundi mwenyewe, ambaye ndiye kiungo chao pekee, akivipatanisha kwa kichwa chake ilhali miguu yake iko juu ya kanyagio na mteja amesimama mlangoni akiuliza, "Fundi, kanzu yangu lini?"

Mtu anayeazimu kusanifu programu ya simu ya kutunza kazi, yenye kalenda ndani yake, hana haja ya kutafuta mahali pengine pa kuanzia. Orodha ya kazi, kama ijulikanavyo, imekuwa zoezi la wanagenzi: kijana anayejifunza kuandika programu huambiwa mapema aitengeneze, naye huimaliza upesi, maana haina zaidi ya kuliandika jina la kazi, kulipanga chini ya wenzake, na kulitia alama ya vema kazi ikimalizika. Kalenda inapoingizwa humo, zoezi hubadilika tabia, kwa sababu orodha huuliza nini na kalenda huuliza lini. Na swali la lini, kwa watu wa pwani yetu, lina majibu mengi kuliko wanavyodhani waliotengeneza simu tunazozitumia. Kwa rai yangu, ugumu wa kazi hii haumo katika rangi wala katika vitufe, ambavyo ndivyo hujadiliwa sana. Umo katika kuijua siku ya mtu atakayeitumia, inaanzia wapi, inagawika vipi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuitangaza.

Wazo la kumwuzia mtu siku zake zikiwa zimekwisha kupigwa mistari ni la zamani. Mwaka 1812 John Letts, muuza karatasi wa London, alianza kuuza daftari la mwaka lenye kurasa zilizochapwa tarehe, na biashara hiyo ikadumu katika ukoo wake kwa vizazi. Katika zama za mashine, mtu aliyelifikiri jambo hili kwa utulivu zaidi, nadhani, ni Jeff Hawkins wa Marekani, ambaye kabla ya kutengeneza kifaa cha mkononi alichonga kipande cha mti chenye ukubwa wa kuingia katika mfuko wa shati, akawa anatembea nacho, na kila alipoulizwa kama ana nafasi siku fulani alikitoa mfukoni na kujifanya anaandika juu yake kwa kijiti, ili apate kujua mtu akiwa njiani huhitaji nini hasa. Kifaa chenyewe kilipotoka mwaka 1996, kikiitwa Pilot, kilikuwa na vitufe vinne tu vya kazi: kalenda, anwani, orodha ya kazi na maandishi mafupi. Sifa yake ilikuwa katika yale aliyokataa kuyaweka. Hata hivyo, kalenda ilikuwa na kitufe chake na kazi zilikuwa na chao, kila moja ikikaa nyumbani kwake bila ya kumjua jirani. Yaani Hawkins naye, pamoja na hekima yake yote, alimwachia mtumiaji kazi ile ile ya fundi wetu.

Kwamba vitu hivyo viwili vyapaswa kukaa pamoja, wako wanazuoni waliotupa hoja. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, aliyekuwa mwanafunzi wa Kurt Lewin mjini Berlin, alichapisha utafiti uliodai kwamba kazi iliyokatizwa hukumbukwa kuliko kazi iliyomalizwa. Waliomfuata hawakukubaliana wote juu ya nguvu ya jambo hilo, ingawa mtu yeyote aliyepata kulala na ahadi isiyotimizwa hatahitaji kushawishiwa sana. Linalomfaa msanifu zaidi ni utafiti wa E. J. Masicampo na Roy Baumeister wa mwaka 2011, uliobainisha kwamba jambo lisilokwisha hupunguza kumsumbua mtu, hata kabla halijatendwa, pindi anapoazimia kwa dhati atalitenda lini na kwa njia gani. Orodha peke yake, basi, huliandika deni na kuliacha na uzito wake ule ule.

Tena binadamu ana udhaifu ambao Daniel Kahneman na Amos Tversky waliueleza mwaka 1979, nao ni kwamba tunapokisia muda wa kazi yetu wenyewe twaitazama kazi kama tunavyoitamani na kuisahau historia ya kazi zilizotangulia. Roger Buehler na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao watamaliza lini; wastani wa makisio ulikuwa siku 34 hivi, na wastani wa ukweli ukazidi siku 55. Hao walikuwa na kazi moja tu. Fundi wa kanzu, mwenye oda arubaini katika Shaabani, amesamehewa tangu hapo.

Kutokana na hayo naona kwamba kila kazi katika programu yetu haina budi kubeba mambo matano na isizidishe: jina lake, siku ya kuifanya, siku ya mwisho, muda unaokisiwa, na hali yake. Nimezitenga siku mbili kwa makusudi, maana programu nyingi hutoa tarehe moja tu, na madhara yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Kanzu inayochukuliwa Jumatano haishonwi Jumatano. Hukatwa Jumamosi, hushonwa Jumapili, hutiwa darizi Jumatatu. Fundi akipewa tarehe moja ataandika Jumatano na kukumbushwa siku ambayo kukumbuka hakumfai tena, au ataandika Jumapili ili ajidanganye, na kwa kuwa anajua amejidanganya, ataupuuza ukumbusho, na akishaupuuza mmoja atapuuza yote. Siku mbili zikitengwa, na muda ukiwapo, kalenda yaweza kusema neno ambalo daftari halikuweza kulisema kamwe: kwamba Jumapili hii imekwisha kubeba saa kumi na moja za kushona, na anayeahidiwa leo aahidiwe ya pili yake. Neno hilo moja, likionekana kabla ya ahadi kutoka kinywani, lina thamani zaidi kuliko mapambo yote yanayoweza kufuata.

Daraja za umuhimu, zile za kwanza hadi ya nne ambazo wasanifu huzipenda, ningeziacha nje. Nimeona watu wakizitumia, na baada ya juma moja kila kitu kimo katika daraja la kwanza. Arbuni na vipimo viandikwe pamoja na jina la kazi kwa maneno ya kawaida, kwa sababu programu inayoanza kujumlisha fedha imekwisha kuwa programu ya hesabu, na hiyo ni safari nyingine.

Sura ya kalenda huamuliwa na hesabu kuliko usanii. Mwezi wa siku 31 ukianza siku ya mwisho ya juma huhitaji mistari sita, hivyo ubao hauna budi kuwa tayari kwa vyumba 42, ijapokuwa Februari ya siku 28 iliyoanza pamoja na juma hutosheka na mistari minne. Google huwashauri wasanifu wa Android kwamba kitu cha kuguswa kisipungue vipimo 48 vya kioo kwa kila upande, yaani milimita 9 hivi, na simu nyingi za kawaida zina upana wa vipimo 360 hivi. Zidisha 48 kwa siku saba, utapata 336, na masalio ni 24, kumi na mbili kila ukingo. Kalenda ya mwezi, basi, huenea katika kioo kwa shida, na hakuna wasaa wa neno hata moja ndani ya chumba. Anayelazimisha majina ya kazi yaingie humo humpa mtumiaji herufi tatu zisizosomeka. Chumba kibebe nukta, moja au mbili au tatu kwa kadiri ya uzito wa siku, na kazi zenyewe zijipange chini ya ubao, za siku iliyoguswa tu. Juu ya juma kuanzia siku gani, kanuni ya kimataifa ya ISO 8601 huanzia Jumatatu, Wamarekani huanzia Jumapili, na sisi tumehesabu tangu Jumamosi. Hapa peke yake ningempa mtumiaji hiari, kwa kuwa karani wa serikali na fundi wa mtaani hawana juma moja.

Tumefika kwenye saa. Simu zetu zimefundishwa Kiswahili nusunusu: majina ya siku na ya miezi yamo, na hata alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku yamo katika hazina ya lugha inayotunzwa na jumuiya ya Unicode, ambamo watengenezaji huchota, lakini tarakimu zimebaki zile zihesabiwazo tangu usiku wa manane, hata ikawa simu huandika 7:00 asubuhi kwa wakati ambao mwenye simu, mkewe, na dereva wa daladala wanauita saa 1. Atasema msomaji kwamba watu wamezoea kutoa sita na kujumlisha sita. Wamezoea kweli, wakiwa watulivu. Lakini mtu anayeandika miadi kwa kidole kimoja, huku mteja anasubiri, huandika alichokisikia. Amesikia "saa 8", ameandika 8, na simu imempangia saa 2 asubuhi kwa mtu atakayekuja baada ya chakula cha mchana.

Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kwamba mashine ihifadhi saa kwa desturi yake ya mashine, na usoni pa programu, mahali pamoja tu, hesabu igeuzwe, na tarakimu isiandikwe kamwe bila ya kufuatana na jina la kipande cha siku. Mtumiaji akigusa asubuhi, aonyeshwe saa 12 hadi saa 5, akigusa mchana, saa 6 hadi saa 9, na kuendelea. Hesabu yetu imeweza kudumu kwa sababu ya mahali tulipo: Mombasa, mchana mrefu kuliko yote ya mwaka na ule mfupi kuliko yote hupitana kwa nusu saa hivi, kwa hiyo jua na saa ya ukutani hawagombani. London, ambako mchana wa Juni huzidi saa 16 na wa Disemba haufiki 8, Mswahili aliyehamia huko huendelea kusema saa 1 asubuhi katika giza la kipupwe, na wenzake humwelewa barabara. Hii yaonyesha kwamba desturi imekwisha kujifunga na saa wala haimfuati tena jua, na msanifu amepunguziwa mzigo: hahitaji kulitafuta jua popote.

Isipokuwa usiku. Kwa mtu wa pwani siku mpya huingia Magharibi, na anaposema usiku wa Ijumaa anaukusudia ule ambao simu huuita Alhamisi usiku. Watoto wa mjini siku hizi wamegawanyika, wengine wakisema hivi na wengine vile, na ndani ya nyumba moja nimesikia harusi ikipangwa kwa usiku mmoja na kueleweka kuwa mbili. Kuna na ule usiku wa pili, wa baada ya saa 6: mtu anayeandika katika mwezi wa Ramadhani "daku, saa 10 usiku, Jumatano" anataka kuamshwa mwisho wa usiku upi? Kwa simu Jumatano imeanza saa 6 usiku, na kengele italia alfajiri ya Jumatano. Kwa mwandishi huenda Jumatano ni ile anayoiona kesho, pamoja na usiku wote unaoifuata. Naona programu isijaribu kuamua nani mwenye haki. Iandike kwa urefu, kabla ya kuhifadhi, "usiku wa kuamkia Jumatano", maneno ambayo Waswahili wenyewe wameyatunga kwa ajili ya shaka hii hii, na mtumiaji akubali au akatae. Urefu wa maneno haya utawaudhi wale wanaopenda kioo kitupu, na waudhike.

Vile vile ahadi zetu nyingi hazina saa kabisa. Watu huonana baada ya Alasiri, hukutana barazani baada ya Ishaa, hupeleka maiti baada ya Adhuhuri. Nyakati za sala hukokotolewa kwa mahali ulipo na kwa pembe ya jua, na programu za kuzikokotoa zimejaa. Lakini kwa daftari sahili yatosha kazi ipokee "baada ya Alasiri" kama ilivyo na kukaa mahali pake katika mpango wa siku, baina ya mchana na Magharibi, bila ya kulazimishwa kuvaa dakika. Mtu akitaka kengele, hapo ndipo aulizwe saa.

Sasa mwandamo. Mwezi wa Kiislamu ni wa siku 29 au 30, mwaka wake ni wa siku 354 au 355, na kwa hiyo hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka wa jua. Kalenda iliyokokotolewa ipo, ile ya Umm al-Qura itumiwayo Saudia, na simu nyingi zinaijua; ila kwetu mwezi huandama unapoonekana na kutangazwa, na Zanzibar tangazo hutoka kwa Mufti, Tanzania Bara hutoka kwa Mufti wa BAKWATA, Kenya hutoka kwa Kadhi Mkuu, na katika mtaa mmoja waweza kuwakuta majirani wanaofuata mwandamo wa Makka na wengine wasioukubali mpaka uonekane kwao. Programu inayoandika Idd ya mwaka ujao kwa wino mzito, kama kwamba imekwisha kutangazwa, inasema uongo, hata kama kwa bahati itasadifu.

Kwa fundi jambo hili ndilo riziki. Oda zake hazisemi tarehe. Zasema kabla ya Idd. Kwa hiyo ningetaka kazi iweze kufungwa na Idd yenyewe, siku tatu kabla, siku moja kabla, badala ya kufungwa na tarehe ya kuazima. Na katika kalenda Idd ichorwe kwa rangi hafifu juu ya vyumba viwili jirani, na kazi zote zilizofungwa nayo zihesabiwe kwa chumba cha kwanza, maana anayejiandaa kwa siku 29 hatapata hasara ikiwa 30, na anayejiandaa kwa 30 aweza kuamka na wateja mlangoni na kanzu hazina kola. Usiku ule, tangazo likisomwa redioni, mtumiaji agonge kitufe kimoja tu, "mwezi umeandama", na chumba kimoja kikolee, kingine kifutike. Kitufe hicho kisikabidhiwe intaneti. Si kazi ya programu kuchagua mtu afuate mwandamo wa nani.

Majina ya miezi nayo yawe yale wazee wanayoyajua, yaani baada ya Ramadhani ije Mfungo Mosi, ije Mfungo Pili, hata Maulidi yaangukie Mfungo Sita, pamoja na majina ya Kiarabu kwa wanaoyapendelea. Iko na hesabu ya tatu, ya mabaharia na wakulima, ya mwaka wa jua unaoanza Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi, ambayo sherehe yake huonekana Makunduchi kila Julai katika Mwaka Kogwa. Moyo wangu unaitaka iwemo. Lakini tumeahidi usahili, na nahodha anayeijua miongo anaijua kwa kichwa.

Ndani ya mashine, yale yasiyoonekana, nitapita kwa wepesi, ila moja sitaliruka. Kompyuta hupenda kuhifadhi wakati kwa idadi ya sekunde zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya Greenwich, na kijana asiye na uzoefu huzihifadhi hivyo hata kazi zisizokuwa na saa. Kazi ya tarehe 14, iliyoandikwa Dar es Salaam ambako tuko saa tatu mbele, huwa imeanza tarehe 13 saa 3 usiku kwa hesabu ya Greenwich. Mwenye simu akishuka ndege London wakati wa kipupwe, kazi yake hurudi nyuma siku nzima bila ya kuguswa. Tarehe isiyo na saa ihifadhiwe kama tarehe, maandishi matupu ya mwaka, mwezi na siku, wala isipewe sekunde. Miadi yenye saa ihifadhiwe pamoja na jina la mji wake. Sisi huku hatubadilishi saa, kwa hiyo wanaoandika programu kwetu hulisahau jambo hili. Na familia yenye dada London inayozungumza kila Jumapili itajikuta, kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, imepitana naye kwa saa mbili, na miezi iliyobaki kwa saa tatu. Programu yapaswa kujua mazungumzo hayo ni ya saa ya nani, ya mama au ya dada.

Kazi za kujirudia zina utata kuliko zinavyodhaniwa. Kanuni ya kubadilishana kalenda baina ya mashine, iliyotolewa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009, yasema kwamba tarehe isiyokuwapo irukwe. Hivyo kodi ya nyumba iliyoandikwa "kila tarehe 31" haitaonekana Februari, wala Aprili, wala Juni, wala Septemba, wala Novemba, na mwenye nyumba hatakubali udhuru wa kikanuni. Mtumiaji apewe "siku ya mwisho ya mwezi" kwa maneno hayo. Mwaka 2015 kanuni ikaongezewa njia ya kurudia kwa kalenda nyingine, ambayo itatufaa kwa hitima ya mwaka ya marehemu na kwa zaka, mambo yanayofuata mwezi mwandamo. Tena ziko kazi zinazorudi kwa kuhesabu tangu zilipofanyika, kama kutia mafuta cherehani, na ziko zinazorudi kwa tarehe liwalo na liwe, kama mchango wa upatu; mafuta yakicheleweshwa siku tano, yajayo nayo yachelewe siku tano, ilhali upatu haumngoji mtu. Maswali mawili yatosha kuzitenga.

Kuhusu kengele, mwenye kusanifu ajue kwamba simu hulala. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 simu iliyowekwa kando huzizuia programu zisifanye kazi ili kuhifadhi betri. Tangu Android 12 ya mwaka 2021 kengele ya dakika halisi inadai ruhusa. Na tangu Android 13 ya mwaka uliofuata hata arifa yenyewe haitoki pasipo idhini ya mwenye simu, ingawa kwa kengele za dakika halisi programu za kalenda na za kengele zimewekewa mlango wao maalumu. Idhini isiombwe mtu anapofungua programu kwa mara ya kwanza, wakati ambao hukataa kila kitu kwa hadhari. Iombwe pale anapoweka kengele yake ya kwanza, kwa maana hapo anaiona faida yake. Na data zote zikae ndani ya simu, katika hifadhidata ndogo ya SQLite ambayo kila simu ya Android inayo, ili daftari lifunguke pasipo bando na siri za wateja zisisafiri. Anayetaka kumpelekea mwenziwe kazi, aipeleke kama ujumbe wa kawaida.

Limebaki suala la kazi zilizopitwa. Desturi ni kuzipaka rangi nyekundu, na nyekundu ikishajaa kioo mtu huacha kuifungua programu, kama vile mdaiwa anavyobadilisha njia asipite mbele ya duka. Kazi iliyopitwa na siku yake ya kufanywa ihamie leo kimyakimya, nukta yake ikibaki na rangi ile ile. Iliyopitwa na siku yake ya mwisho ndiyo ipewe rangi, kwa kuwa hiyo ina mtu wa pili anayedai. Na kazi iliyohamishwa mara tatu iulize swali moja: ifanywe lini kwa hakika, apewe mtu mwingine, au ifutwe? Kila ufutaji uweze kutenguliwa kwa mguso mmoja, ili pasiwe na haja ya kumwuliza mtu kila mara kama ana hakika.

Majaribio yake ningeyafanya kwa mafundi watatu wanne, kuanzia mwanzo wa Rajabu, maana katika Ramadhani duka limejaa na hakuna mwenye nafasi ya kujifunza chombo kipya. Na Idd ikishapita ningekaa nao na kuangalia ni vitufe gani havikuguswa hata mara moja, nivitoe. Nina dhana tayari juu ya kitakachotangulia kutoka. Ni ule mchoro wa duara, wenye rangi nyingi, unaomwonyesha mtu amemaliza asilimia ngapi ya kazi zake kwa juma, ambao kila mwanagenzi huuweka katika ukurasa wa kwanza, na ambao fundi mwenye kanzu kumi na nne juu ya meza hatapata sababu ya kuutazama.